Mbwa wa Kundi

Dominika ya 4 ya Pasaka, Mwaka B. Injili: Yohane 10:11-18



Wapendwa wasikilizaji, Taifa la Mungu mliokusanyika majumbani, na ninyi wagonjwa mnaotusikiliza mkiwa vitandani, Dominika ya leo Mama Kanisa anaiita Dominika ya Mchungaji Mwema. Ndiyo pia siku ya kuombea miito, kama alivyoagiza Papa Paulo VI katika miaka ile ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kila mwaka siku kama ya leo mmetusikia sisi mapadre tukihubiri juu ya mchungaji na juu ya kondoo. Mmetusikia tukihubiri juu ya mtu wa mshahara anayekimbia, na juu ya mbwa mwitu anayenyakua na kutawanya. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya kiumbe ambaye Injili hii haimtaji hata kidogo, ingawa katika nchi nyingi mchungaji hatoki nyumbani bila yeye. Nataka kuzungumza juu ya mbwa anayechunga kondoo.

Najua baadhi yenu mmekwisha kukunja uso. Katika lugha yetu jina la mbwa ni tusi, na Maandiko Matakatifu nayo hayamsifu sana. Mbwa ndio waliokula mwili wa malkia Yezebeli. Mbwa ndio waliokuja kulamba vidonda vya Lazaro maskini mlangoni kwa tajiri. Hata hivyo, yumo mbwa mmoja mwema katika Kitabu cha Tobiti: kijana Tobia alipoanza safari yake ndefu akiongozana na malaika Rafaeli, mbwa aliandamana nao, akaenda akarudi, wala hakuna anayesema lolote juu yake. Na Ayubu, katika sura ya 30, anapolalamika kwamba vijana wanamdhihaki, anawataja kwa kupita mbwa waliokuwa wakilinda makundi yake. Kwa hiyo mbwa wa kundi si mgeni kabisa katika Biblia. Yupo pembeni, kama makatekista wengi walivyo pembeni katika vitabu vya historia ya majimbo yetu.

Mwaka 2014 nilipata nafasi ya kukaa wiki 3 katika parokia rafiki huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mpakani na Uskoti. Ni nchi ya vilima vya majani mafupi, upepo na mvua nyembamba isiyokatika. Mwamini mmoja wa parokia hiyo, mzee mfugaji, alinichukua alasiri moja kwenda kuona kondoo wake. Kondoo walikuwa mbali mlimani, nukta nyeupe tu. Yule mzee alikuwa na mbwa mmoja mweusi mwenye ukosi mweupe, wa aina iitwayo Border Collie. Akamwambia neno moja kwa sauti ya chini, na yule mbwa akaondoka kama mshale. Nilidhani angekwenda moja kwa moja kuwakabili kondoo. Sivyo. Alizunguka kwa upana sana, akipanda kilima kwa nyuma, hata tukampoteza machoni. Tulipomwona tena alikuwa upande wa pili wa kundi, amelala chini, kondoo wakiwa katikati, sisi upande huu, yeye upande ule.

Halafu akainuka, akaanza kuja polepole. Kichwa chake kilikuwa kimeshuka chini kuliko mabega, mwili umebanwa karibu na ardhi, na macho yake hayakupepesa. Hakubweka hata mara moja. Kondoo waliinua vichwa, wakakusanyika, wakaanza kuteremka kuja kwetu.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa mbuzi. Nilipokuwa mdogo nililisha wanyama kwa fimbo na mawe, kwa kelele nyingi na mbio nyingi, na bado jioni mmoja alikuwa akikosekana. Kumwona mnyama mmoja akiongoza wanyama wengine zaidi ya mia kwa macho tu, kulinifanya ninyamaze. Nikamwuliza yule mzee, "Anawapenda kondoo?" Alicheka. Akaniambia kwamba mbwa wake anaipenda kazi. Kuhusu kondoo hakuwa na hakika.

Niliporudi nyumbani niliyasoma mambo hayo, na niliyoyasoma hayajaniacha hadi leo. Wataalamu wa tabia za wanyama wanaeleza kwamba mbwa mwitu (si yule mwenye madoadoa wa mbuga zetu, bali yule mkubwa wa nchi za baridi ambaye ndiye asili ya mbwa wote wa nyumbani) anapowinda hupitia hatua zinazofuatana. Humtafuta mnyama, humkazia macho, humnyemelea akiwa ameinama, humkimbiza, humng'ata ili kumkamata, humng'ata ili kumwua, halafu humrarua na kumla. Mbwa wa kuchunga amezirithi hatua hizo hizo. Ila wafugaji, kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, wamezikuza hatua za mwanzo na kuzififisha zile za mwisho. Anakazia macho, ananyemelea, anakimbiza, na hapo anakoma. Mtoto wa mbwa wa aina hiyo, hata kabla hajafundishwa lolote, unaweza kumkuta ameinama uani akiwakazia macho kuku au bata, mguu mmoja umeinuliwa. Hakuna aliyemfundisha. Kwa maneno mengine, ule uchungaji tunaoustaajabia ni uwindaji uliokatizwa njiani.

Na kondoo, wapendwa, hajui kwamba uwindaji huo umekatizwa.

Yeye anaona macho ya mwindaji. Mungu amempa kondoo macho yaliyokaa ubavuni mwa kichwa, hata aweze kuona karibu pande zote bila kugeuka, naye huyatumia kupima umbali kati yake na adui. Kila kondoo ana mpaka wake usioonekana. Mbwa akiwa nje ya mpaka huo, kondoo anaendelea kula huku akimtazama. Mbwa akiugusa mpaka, kondoo anaondoka kwa utaratibu. Mbwa akiuvunja kwa ghafla, kundi linatawanyika, au kondoo jike mwenye mtoto anageuka, anapiga kwato chini na kumkabili. Ustadi wote wa mbwa mwema umo katika kuujua mpaka huo, ambao haufanani kwa kondoo wote: mmoja ni mwoga, mwingine ni mkaidi, mwingine ana mtoto mchanga.

Wafugaji wa Northumberland bado wanamkumbuka mbwa mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 mikononi mwa mfugaji Adam Telfer. Inasemekana karibu mbwa wote wa aina hiyo walioko duniani leo wanatokana naye. Mama yake alikuwa na jicho kali mno, kiasi cha kujifunga mwenyewe kwa ukali wake. Baba yake alikuwa mpole na mchangamfu, jicho lake hafifu. Mtoto akatoka kati ya hao wawili. Sifa aliyoiacha Old Hemp ni kwamba alifanya kazi kimya kimya, na kondoo walimtii bila kuhangaishwa. Kabla yake mbwa wengi wa kuchunga walikuwa wa kubweka na kung'ata miguu. Baada yake watu walianza kutafuta mbwa wa namna yake.

Simwambii mtu kwamba mbwa huyo ni mwovu. Kuna siku kundi halina budi kuhamishwa. Kondoo lazima wakanyolewe manyoya, wakaogeshwe dawa ya kupe, waondolewe bondeni kabla theluji haijawafunika, na kondoo wenyewe hawaoni sababu ya kuondoka. Hata Kanisa lina sheria zake, na mzazi ana sauti yake ya ukali, na siwezi kudanganya hapa redioni kwamba vitu hivyo havihitajiki. Mambo mawili tu juu ya mbwa yule wa mlimani ningependa makatekista wenzangu tuyaangalie.

La kwanza ni pale alipojiweka. Mbwa wa kuchunga ana maelekeo ya asili ya kujiweka upande wa pili wa kundi, ng'ambo ya bwana wake. Bwana akisogea kushoto, mbwa naye husogea upande wake, ili kundi libaki katikati na uso wa kundi uelekee kwa bwana. Kondoo hawaletwi kwa mbwa. Wanaletwa kwa mchungaji. Siku mbwa atakapojisahau akasimama kati ya mchungaji na kondoo, atawafukuza wasimfikie bwana wake, na atafanya hivyo kwa bidii ile ile na kwa jicho lile lile. Nimewaona viongozi wa jumuiya, na nimewaona mapadre, wenye bidii ya kutisha, ambao watu huwakimbia, na katika kuwakimbia hao humkimbia na Kristo, kwa kuwa kiongozi amesimama mahali pasipo pake.

La pili ni neno la mwisho. Yule mzee alikuwa na neno la kumwelekeza mbwa aende kulia, na neno la kushoto, na mluzi wa kumlaza chini. Lakini kondoo walipokwisha kuingia zizini, alitamka neno ambalo kwa lugha yetu ningelitafsiri, "Imetosha." Mbwa, aliyekuwa bado anatetemeka kwa hamu, akageuka mara moja, akawaacha kondoo, akaja kulala miguuni pake. Mzee akaniambia kwamba mbwa asiyelisikia neno hilo hafai kitu, hata awe hodari namna gani, kwa sababu siku moja ataimalizia ile hatua iliyokatizwa. Ni kweli. Wafugaji wanajua kwamba mbwa wa nyumbani wakipotoka, hasa wawili watatu wakiwa pamoja usiku, huua kondoo wengi kwa usiku mmoja, wala hawawali.

Sasa nawaomba tuondoke Uingereza twende Amerika ya Kusini. Mwaka 1833 kijana Mwingereza aitwaye Charles Darwin alikuwa akisafiri kwa farasi katika nchi ambayo leo ni Uruguay. Naam, ni yule yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Msitetemeke, alikuwa na macho mazuri, na ukweli ni wa Mungu popote unapookotwa. Darwin alikuta huko makundi makubwa ya kondoo yakilindwa na mbwa mmoja au wawili, mbali sana na nyumba, pasipo mtu yeyote. Akauliza jinsi mbwa hao wanavyolelewa.

Akaelezwa hivi. Mtoto wa mbwa huondolewa kwa mama yake akiwa mchanga sana. Humshika kondoo jike akanyonyeshwa kwake mara tatu au nne kwa siku, na hutengenezewa kitanda cha manyoya ya kondoo ndani ya zizi. Haruhusiwi kuchanganyika na mbwa wengine wala kucheza na watoto wa nyumbani. Akikua hana hamu ya kuliacha kundi. Mgeni akikaribia, mbwa hutangulia mbele akibweka, na kondoo wote hujikusanya nyuma yake kana kwamba yeye ni kondoo dume mzee wa kundi.

Kisha Darwin anasimulia jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi wakati wa mafungo. Kila siku mbwa huyo huja nyumbani kuchukua nyama yake. Akishapewa, huondoka mbio kama anayeona haya. Mbwa wa nyumbani humwonea sana. Hata aliye mdogo kabisa humfukuza, naye hukimbia. Lakini mara tu anapowafikia kondoo wake, hugeuka na kuanza kubweka, na wale mbwa wote wa nyumbani hugeuza mikia na kukimbia. Na mbwa walioacha nyumba wakawa wa porini, hata wawe na njaa, ni nadra kulishambulia kundi lenye mlinzi mmoja tu wa namna hiyo. Darwin alifikiri kwamba mbwa huyo amewahesabu kondoo kuwa ndugu zake, na kutoka kwao anapata ujasiri.

Tafakarini, wapendwa. Ni mbwa yule yule. Meno ni yale yale, na miguu ni ile ile. Nyumbani kwenye nyama ni mwoga. Kati ya kondoo ni simba.

Mbwa wa namna hii hawakuanzia Uruguay. Katika milima ya Anatolia nchini Uturuki, na katika Italia ya kati, na katika milima ya Pirenei, wachungaji wamewalea tangu zamani: mbwa wakubwa, wazito, wa taratibu, tofauti kabisa na yule mwepesi wa Northumberland. Siri yao iko katika majuma machache ya kwanza ya maisha. Mtoto wa mbwa, tangu umri wa wiki 3 hivi hadi kufikia miezi 3 au 4, yuko wazi kujifunza ni nani walio wake. Wale anaowanusa, anaolala nao na kuwaona katika majuma hayo, hao ndio atakaowahesabu kuwa jamii yake maisha yake yote. Mlango huo ukishafungwa, ni vigumu sana kuufungua. Na pua yake ndiyo inayomwambia zaidi kuliko macho, kwa maana mbwa haoni rangi kama sisi, nyekundu na kijani humchanganya, lakini harufu anaijua kwa undani tusioweza kuukisia. Kwa hiyo mtoto wa mbwa huwekwa zizini pamoja na wana-kondoo na wana-mbuzi. Harufu yao inakuwa harufu ya nyumbani kwake.

Akikua, zile hatua za uwindaji nilizozitaja karibu hazionekani kwake. Hawakazii macho kondoo. Akitembea kati yao huinamisha kichwa na kutazama pembeni, hulamba midomo ya wana-kondoo, hulala chini ili wamzoee. Kondoo nao hawamkimbii. Utawakuta wamemwegemea kwenye kivuli. Adui akija, husimama katikati, kati ya kundi na hatari, na hubweka. Mara nyingi hakuna vita vyovyote. Chui au duma anayeona ameonekana huenda kutafuta chakula mahali pengine.

Hapa Afrika jambo hili limejaribiwa huko Namibia. Tangu mwaka 1994 shirika la kuhifadhi duma lililoanzishwa na Dk. Laurie Marker limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia. Wafugaji walikuwa wakiwaua duma kwa bunduki na mitego kwa sababu ya mbuzi wao. Walipopata mbwa hao, wengi walieleza kwamba hasara imepungua sana, na hasira yao kwa duma ikapungua pia. Baadaye mbwa wa aina hiyo walifikishwa hata hapa Tanzania, kwa wafugaji walio karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Na tusiwasahau mbwa wetu wa kienyeji, wale wembamba wa bomani kwa Wamasai, ambao hawana jina la aina wala cheti, lakini ndio wanaoamka kwanza fisi anapoukaribia ua.

Ndugu zangu, nabii Isaya, katika sura ya 56, aliwafananisha walinzi wa Israeli na mbwa mabubu wasioweza kubweka, wapendao kulala. Mtakatifu Papa Gregori Mkuu alilichukua neno hilo na kuwageuzia wachungaji wa Kanisa wanaonyamaza kwa hofu. Kwa hiyo sisi mapadre tumezoea kujipima kwa kubweka: je, nimekemea? Je, nimeonya? Nimekuja kuona kwamba lipo swali linalotangulia. Nani alinilea zizini? Ninapobweka, nabweka nikiwa wapi?

Maana Injili tuliyoisikia inamtofautisha mchungaji na mtu wa mshahara kwa jambo moja: kondoo si mali ya mtu wa mshahara, wala mambo yao si kitu kwake. Na Bwana wetu anasema anawajua walio wake, nao wanamjua. Kondoo tunayemdhania mjinga ana uwezo wa kujua. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kondoo anaweza kutambua nyuso za kondoo wenzake 50 na kuzikumbuka kwa miaka 2. Kundi linatutazama, wapendwa. Linakumbuka nyuso.

Sasa niseme la kwangu, kwa kuwa si haki kuwanyoshea wengine kidole.

Katika mwaka wangu wa pili wa uparoko, nikiwa kijana mwenye nguvu na digrii yangu ya seminari, nilikuta zaka imelala. Nikatengeneza daftari. Kila Dominika ya mwisho wa mwezi, kabla ya baraka ya mwisho, nilisimama na karatasi nikasoma majina ya familia ambazo hazijatoa. Nilisoma kwa sauti tulivu, sikukemea. Fedha ziliongezeka. Nilipongezwa na watu ambao walipaswa kunionya, nami nikaona kwamba njia hiyo ni njema.

Katika kigango kimoja, kilometa 18 kutoka parokiani, alikuwapo mama mmoja mjane. Jina lake lilisomwa mara 2. Mara ya tatu halikuwa na wa kuitikia, kwa kuwa hakuja tena. Sikugundua. Aliyegundua ni katekista wa kigango hicho, mzee aliyesoma darasa la nne tu, mwenye baiskeli isiyo na breki. Miezi mingi baadaye aliniambia, kwa namna ya kunipa habari tu, kwamba amekuwa akipita kwa mama huyo kila Alhamisi. Nikamwuliza, "Na umemwambia nini juu ya kurudi kanisani?" Akajibu, "Baba Paroko, bado sijamwambia. Huwa tunapukuchua mahindi."

Nilimwona mzembe. Nawaambia ukweli wangu. Niliona kwamba katekista anayekaa miezi bila kusema neno ni mbwa bubu wa Isaya.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nilimkuta yule mama uani, na katekista ameketi kwenye kigogo, ungo katikati yao. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaniletea kiti, akanipa maji. Nikaanza kusema yale niliyoyaandaa juu ya wajibu wa mwamini. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Baba, siku ile uliposoma jina langu nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilingoja unitazame. Ulikuwa unatazama karatasi. Ungenitazama ungekumbuka kwamba wewe ndiwe uliyemzika mume wangu, Kwaresima ile ile."

Ni kweli nilimzika. Katika daftari la vifo alikuwamo, kwa mwandiko wangu. Katika daftari la zaka alikuwamo pia, kwa mwandiko wangu, na mimi sikuwa nimeyaunganisha.

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, na sauti yangu haikuwa ile ya altareni. Yeye hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Yule mzee katekista hakuinua macho. Aliendelea na kazi yake. Baada ya muda yule mama akausogeza ungo kidogo upande wangu, nami nikachukua gunzi nikaanza kupukuchua. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau. Vilichubuka kabla ya debe la kwanza kujaa. Tuliongea juu ya mvua, juu ya mwanawe aliyekuwa jeshini, juu ya ugonjwa uliomchukua mumewe. Niliondoka jua likizama.

Hakuja Dominika iliyofuata, wala ile nyingine. Nilikwenda tena Alhamisi mbili. Alikuja tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea Marehemu Wote, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kwenye matangazo niliposimama, nilimwona ameshika mtandio wake tayari kuinuka. Sikuwa na karatasi mkononi. Akakaa.

Yule katekista alifariki miaka michache baadaye. Leo tunapoombea miito, nawaomba mumtaje katika sala zenu, ingawa jina lake silisemi hapa, na mwombeeni huyo mama, ambaye bado yu hai na huenda ananisikiliza. Waombeeni pia vijana watakaopewa upadrisho mwaka huu katika majimbo yetu. Baada ya sherehe, watakapofika parokiani kwenu kwa mara ya kwanza na masanduku yao, wakaribisheni majumbani mapema, katika majuma yale ya kwanza, kabla mlango haujafungwa.

Tumsifu Yesu Kristo.